Unalala Saa Ngapi?

"Dokta, huyu mama ni jirani yangu. Halali masaa manne huyu. Akishaweka kichwa baada ya isha, mpaka alfajiri tunamsikia ukutani anavyokoroma."

Aliyesema hivyo ni kijana niliyemchukua kwa muda anisaidie kujaza fomu za utafiti wangu wa usingizi huko Mwambani, na aliyasema kwa aibu kidogo, kama mtu anayemsengenya jirani. Mimi nilikuwa na kompyuta mapajani na fomu 42 pembeni. Nilikuwa nimeshaanza kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano, kwamba watu wa pwani ya Tanga wanalala muda mfupi kiasi cha kutisha. Nikamwambia hebu nionyeshe swali ulilomuuliza. Likasomeka: Kwa kawaida unalala saa ngapi? Jibu: saa nne.

Msomaji Mswahili ameshacheka. Saa nne ya kupanda kitandani, au saa nne za usingizi? Rasimu yangu ya kwanza niliandika "unalala masaa mangapi", kama tunavyosema nyumbani. Mtu wa lugha tuliyempa fomu aikague akanirekebisha kwa wino mwekundu: neno ni saa, hakuna masaa. Nami nikaona aibu, nikasahihisha. Kiswahili kikawa sanifu na swali likafa hapohapo. Ubaya zaidi, nilikuwa na wajazaji watatu. Aliposikia "saa nne", mmoja aliandika 4, yaani muda. Wa pili akaandika 22:00. Wa tatu, mtiifu kuliko wote, aliona safu inataka saa kwa mtindo wa kompyuta, akaandika 04:00. Na hakuna mjinga kati yao.

Fomu zote 42 nikazitupa. Posho, bodaboda na chakula cha wiki mbili, kama laki sita hivi, zilitoka mfukoni mwangu kwa sababu bajeti ilikuwa imeshaliwa. Siku hizi siulizi saa kabisa. Nauliza: unapanda kitandani baada ya nini, na unaamka kabla ya nini? Mtu anakwambia baada ya taarifa ya habari, baada ya kuosha vyombo, kabla ya adhana ya alfajiri, boti zikirudi. Saa naihesabu mwenyewe nikifika mezani. Ukitaka kutafiti usingizi kwa Kiswahili, anzia hapo, na fomu uijaribu kwa mama yako mzazi kabla ya kuipeleka kwa mtu mwingine.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, na ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Watu huniuliza kwa nini nimeacha kiharusi na kifafa, magonjwa yanayojaza wodi, nikakimbilia usingizi. Jibu refu linaanza 1995, popobawa, yule jini anayesemwa kuvamia watu usingizini, aliposumbua Pemba na Unguja. Habari zilivuka na majahazi, na kwetu bibi akatuhamishia wote sebuleni, mikeka imeunganishwa ukuta hadi ukuta. Siku zilezile jinamizi likanikalia. Macho nayafumbua, dari naiona, mwili hausikii amri, na kifuani kuna uzito kama gunia la chumvi. Bibi alinisomea, akanipulizia maji, akaniambia nisilale chali.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni Cape Town, mwalimu akachora ubaoni kilichonipata. Katika usingizi wa ndoto, ule unaoitwa REM, ubongo huzima misuli ili tusiinuke tukazitenda ndoto zetu. Mara mojamoja akili huamka kabla misuli haijaachiwa, ndoto ikabaki chumbani na wewe umefungwa. Na kweli, huwapata zaidi wanaolala chali. Bibi hakusoma hata darasa moja, lakini hapo alipatia.

Mwalimu yuleyule alitusimulia jinsi REM ilivyogunduliwa. Eugene Aserinsky, mwanafunzi Chicago asiye na kitu, alimfunga waya mwanawe Armond, mtoto wa miaka minane, akamtazama usiku mzima macho yakikimbia chini ya kope. Mwaka 1953 yeye na Nathaniel Kleitman wakaichapisha. Ilinipendeza kwamba elimu yote hii ilianza kwa baba kukesha ubavuni mwa mtoto. Nilipenda hadithi, funzo lake nikaliacha palepale, hilo nitalirudia.

Nyumbani niliposema ninasomea usingizi, wajomba wote walielewa malale, ule ugonjwa wa kuumwa na mbung'o. "Kwa hiyo utakuwa porini na ndorobo?" Mpaka leo kuna shangazi anayenitambulisha hivyo, nami nimeacha kumsahihisha. Malale nayo hupindua usiku na mchana wa mgonjwa, kwa hiyo hajakosea sana.

Nilirudi na ndoto ya maabara. Nilivyofundishwa, mgonjwa anakuja jioni, analala peke yake chumba chenye kiyoyozi, kichwani elektrodi, vile vijisahani vya kunasa umeme wa mwili, chini ya kidevu elektrodi, mikanda ya kifua na tumbo, waya miguuni, oksimita ya kupima oksijeni kidoleni. Asubuhi usiku wake unaukata vipande vya sekunde 30. Kwa masaa manane ni kurasa 960, na kila moja unaitazama kwa macho. Kazi ya kuchosha, na mimi naipenda kama mtu anavyopenda bahari.

Tanga ilinifundisha kazi upya. La kwanza ni nywele. Mtu akiambiwa kesho anakwenda hospitali hujipamba, na kwetu kujipamba ni mafuta ya nazi na misuko mipya. Elektrodi inataka ngozi safi, ukinzani usizidi kilo-om 5. Mimi napima, mashine inaniambia 40. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa amesukwa jana yake kwa elfu kumi na tano, na mimi nikamwambia afumue. Alinitazama, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Alikuwa na haki. Sasa nampigia mgonjwa simu siku tatu kabla: osha kwa sabuni, usipake kitu, na ukisuka, msusi akuachie njia hapa na hapa. Msusi mmoja wa Ngamiani ameshazijua njia zangu zote, ananizidi hata muuguzi.

La pili ni joto. Machi, jasho linatiririka, mawimbi ya ubongo yanapanda na kushuka taratibu kama boti iliyotia nanga, kumbe ni jasho tu. Umeme ukikatika feni inazima, mgonjwa anaamka, na ukirudi mashine inawaka upya kana kwamba usiku unaanza. Nunua betri ya akiba kabla ya kununua mashine. Mimi nilifanya kinyume. La tatu ni kwamba kwetu mgonjwa halali peke yake. Anakuja na dada mtu, na dada anataka kulala palepale chini, na pakikosa dada hapana usingizi wa kupima. Usiku wa kwanza kwenye kitanda kigeni hauaminiki popote duniani, sembuse kumfungia peke yake mtu ambaye tangu azaliwe hajalala chumba tupu. Mwishowe nikabeba vifaa nikavipeleka majumbani, waya zikapita chini ya chandarua.

Vibali sitavieleza kwa urefu. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa upande wa maadili, halafu barua za mkoa, halmashauri, mtendaji, mwenyekiti wa kijiji. Mimi ilinichukua miezi tisa, na mitatu kati yake nilipoteza kwa sababu nilikaa kungoja ofisi moja wakati ningeweza kuandaa barua za nyingine. Tembea na nakala ngumu. Tembea na mhuri.

Kibali cha kweli lakini hutolewa barazani. Tulipoanza kupima majumbani, oksimita ile inayowaka nyekundu kidoleni usiku kucha ilizaa habari kabla hata sijafika nyumba ya tatu: mumiani wamerudi, safari hii wana mashine, wananyonya damu kidoleni mtu akiwa amelala. Nilikasirika. Nikajibu kwa dharau kidogo, kwa lugha ya daktari, na milango minne ikafungwa siku hiyohiyo. Aliyeniokoa ni bibi mmoja muuza vitumbua. Alinyoosha mkono akasema, "Niweke hicho kidubwasha mwanangu, hapa mbele ya watu, na mimi naendelea kukaanga." Kikakaa saa nzima. Alipokivua akakiminya, akakipindua, akawapitishia wateja wake. Hapo ndipo nikaeleza vizuri, kwamba ni taa tu inayopenya ukucha na kusoma wekundu wa damu, kwa kuwa damu iliyoshiba hewa na iliyokosa hewa hazinywi mwanga sawasawa. Tangu siku hiyo kifaa chochote nakivaa mimi kwanza, hadharani, kabla sijakipeleka kitandani kwa mtu.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la kalenda. Nilitaka kujua wavuvi wa dagaa wanalalaje, nikawavalisha saa za mkononi zinazorekodi mwendo, siku 14 kila mtu. Tarehe nilizipanga kufuatana na likizo yangu na tarehe ya kurudisha saa za kuazima. Matokeo yalitoka mazuri mno. Wavuvi wanalala usiku, wanaamka asubuhi, hawana tofauti na makarani. Nikaanza kutafuta sababu za kisayansi. Nahodha mmoja pale Sahare nilimwonyesha mchoro wa mtu wake. Akauangalia, akaangalia tarehe, akasema: "Hizi si siku za mbalamwezi? Sasa tungetoka kufanya nini?"

Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na leo za sola, na taa haimvuti samaki mwezi ukiwa mweupe. Wavuvi hutoka siku za giza, mwezi ukijaa wanakaa, wanashona nyavu. Nusu ya mwezi ni watu wa usiku, nusu nyingine ni waume wa nyumbani, na mwili unapinduliwa kila baada ya nusu mwezi. Nilichopima ni likizo yao. Mtoto wa Tanga mzima, nimekula dagaa tangu nina meno, na sikuuliza.

Kwa hiyo mtu akija kwako na kanuni ya masaa manane kwa kila binadamu, uwe mpole naye. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwapima Wahadzabe wetu, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wote hawakuwa na umeme, na wastani wa vikundi ulikuwa kati ya masaa 5.7 na 7.1 ya usingizi. Mvuvi anayelala vipande viwili, kimoja baada ya kuuza samaki na kingine baada ya alasiri, siwezi kumwita mgonjwa kabla sijajua akiamka yukoje. Anayeniogopesha ni yule anayelala masaa tisa, anakoroma, anakatika pumzi, na kesho yake anasinzia kwenye usukani. Huyo anahitaji mashine ya kusukuma hewa, ile CPAP aliyoianzisha Colin Sullivan kule Sydney, 1981, na bei yake wengi hawaiwezi. Ndiyo maana naanza na vya bure: kupunguza uzito, kuacha pombe ya usiku, kulala ubavu. Kuna mgonjwa wangu wa Muheza nilimwambia ashone mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili asigeuke chali. Mpira hakupata, akashona chungwa bichi. Mkewe anasema lilisaidia mpaka lilipooza.

Kuhusu kusinzia kwenye usukani najua ninachosema. Msimu mmoja nilikuwa kliniki mchana, usiku nachora mawimbi, alfajiri kijijini. Nililala masaa matatu au manne kwa wiki nzima, huku mchana nawashauri wagonjwa kuhusu usingizi bora. Nikitoka Muheza saa nane mchana, kabla ya Pongwe, nilifumba macho kidogo tu. Niliyafumbua nimo ndani ya mkonge, miiba imeingia hadi kwenye rejeta, redio bado inaimba. Sikukumbuka kupinda. Kijana wa bodaboda alinisaidia kutoka na akaniuliza kazi yangu ni nini. Nilimwambia mwalimu.

Nilijificha hivyo kwa muda mrefu, na gari nilitengeneza kwa mkopo. Vijana mnaoingia kazi hii, usiku wa kurekodi mpokezane na mtu, na kesho yake usiendeshe. Isiwe "nitajitahidi". Usiendeshe.

Sasa nirudi kwa baba aliyekesha ubavuni. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, aliletwa kwangu kwa maumivu ya shingo. Kwa mazoea nikampa maswali yangu ya kusinzia, yale ya Epworth, hali nane, kila moja alama sifuri hadi tatu, jumla ikizidi kumi tunakuangalia. Nilikuwa nimeyarekebisha: badala ya kusoma kitabu tumeweka kukaa barazani, badala ya gari kwenye foleni tumeweka daladala stendi. Mzee akapata nne. Salama. Nikaandika dawa ya shingo, nikamwita anayefuata.

Mkewe hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kando muda wote, kanga begani, na hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu fomu yangu haikuwa na mahali pake. Akasema, "Mwanangu, na hizi nyavu je?"

"Nyavu gani, mama?"

Akanyoosha mikono mbele, akakunja ngumi, akaanza kuvuta. Mkono huu, halafu huu, mwili wote nyuma, kama mtu aliyeegemea kamba. "Usiku anavuta. Naijua ile mikono, nimeiona miaka arobaini ufukweni. Anapiga kelele za wavuvi. Juzi amenivuta mimi, nikaangukia kona ya kabati." Akafunua kanga. Kwenye bega palikuwa na alama ya njano na zambarau. Mzee alikuwa anaangalia sakafu. Watu walishamwambia ana jini la bahari, na pesa za kulitoa zilishalipwa mara mbili.

Nilivaa aibu nzima. Ugonjwa huu nimefundishwa. Schenck na Mahowald wa Minnesota waliueleza 1986: ile swichi inayozima misuli wakati wa ndoto haizimi, na mtu anaitenda ndoto yake. Ni kinyume kabisa cha jinamizi langu la utotoni. Na dalili zake mwenye ugonjwa hazijui, amelala; anajua aliyeko ubavuni. Tulimrekodi kwao usiku mmoja. Elektrodi ya kidevu, ambayo katika REM inapaswa kunyamaza kama maji mafu, ilitibuka ukurasa hata ukurasa.

Kisha nikakosea tena. Mwaka 1996 walewale walirudi kuwaangalia wazee 29 wenye ugonjwa huu, wakakuta 11 wameshapata Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, au maradhi ya jamii yake, na tafiti za baadaye zinaonyesha wengi huishia huko. Mimi, kwa haraka za kliniki, nikayatoa yote kwa mzee, kwenye veranda, watu wanapita, nikiamini kumweleza ukweli wote ndiyo heshima. Hakusema neno. Miezi mitano hakuonekana. Alikuja mkewe peke yake, hakukaa, akaniambia, "Umemwambia atatetemeka. Sasa kila asubuhi ananyoosha mikono mbele ya dirisha anaitazama. Kahawa hanywi barazani, anaogopa kikombe kitamcheza mbele ya wenzake. Nilikuuliza kabati, hukunijibu kabati."

Na ni kweli, kabati sikulijibu. Siku hiyo ndiyo tuliyolishughulikia: godoro lishuke chini, kabati lihame, kisu cha kumenyea machungwa kisikae karibu na mto, na yeye mama alale godoro la pili mpaka dawa ishike. Dawa hiyo, melatonini, niliipata kwa taabu, nikaagiza kwa mtu anayesafiri. Siku hizi habari za miaka ijayo nazipigia hodi kwanza: ungependa nikueleze kuhusu mbeleni, au leo tumalize la usiku? Wapo wanaosema nieleze. Wapo wanaosema, dokta, leo la usiku tu.

Fomu yangu sasa ina ukurasa wa pili, na ukurasa huo hajazi mgonjwa. Unajazwa na mke, mume, mjukuu anayelala chumba kimoja naye, au jirani wa ukutani ikibidi. Kama bajeti yako ina nauli ya mtu mmoja, tafuta ya wawili.

Mwezi uliopita nilipita kwao jioni, si kikazi. Mzee alikuwa barazani na kikombe mkononi, kikombe kimetulia. Godoro bado liko chini. Nikamuuliza usiku anaendeleaje. Akasema jana kidogo tu, alimpata jodari mkubwa, alipigana naye sana.

"Jodari ndiye mimi," mkewe akajibu kutoka ndani, "na nilimponyoka."